Robo ya Nne Yatangulia

Saa nne asubuhi Nadhira alikuwa ofisini, mtaa wa Izia mjini, akinywa chai ya tangawizi huku akiuliza kanzidata ya shirika lao: mama mjamzito hutumia muda gani kutoka kwake hadi hospitali? Mkuu wake, Gaudensi, alikuwa na jibu tayari. Wastani ulikuwa dakika hamsini, hivyo gari jipya la wagonjwa lingebaki mjini.

"Wastani unaficha watu, bosi," Nadhira alisema. "Ngoja nigawe robo."

Aliandika amri ya kupanga kaya zote kuanzia ya karibu hadi ya mbali, kisha kuzikata mafungu manne yenye idadi sawa. Alipobonyeza, nyumba za Ufipa zilinyanyuka, zikajipanga kando ya barabara kuanzia langoni mwa hospitali. Zilitua taratibu, na kuku waliendelea kudonoa. Robo ya nne ilipita mtaa wa Kasense, ikaishia nyuma ya kilima.

Nadhira alibeba kompyuta, akapanda bodaboda hadi nyumba ya mwisho. Ilikuwa imetoka kijiji cha mbali, kupita Matai. Ndani, Emerensiana alikuwa amepiga magoti, ameshika kitanda. Mama mkwe wake, Victoria, alikuwa akimkanda mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Kwetu kijijini hospitali ni kutwa nzima kwa miguu."

Nadhira aliweka kompyuta kwenye kigoda, akabadilisha neno moja kwenye amri: *kupanda* likawa *kushuka*, ili wa mbali watangulie.

"Shikeni kitanda," alisema.

Nyumba iliruka, ikatua mbele ya lango la hospitali. Emerensiana aliingia wodini akiwa ameegemea bega la mkwewe. Nyuma yao milango ya robo nzima ilifunguka, wajawazito wakatoka na mabeseni na khanga zao. Wauguzi waliongeza magodoro.

Simu ikalia.

"Nadhira, nyumba yangu iko nyuma ya kilima," Gaudensi alisema. "Funga hiyo amri."

"Bado inafanya kazi, bosi."

"Itamaliza lini?"

"Wakishajifungua."

Emerensiana alipasuliwa mchana, akapata mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Victoria alitoka nje akapiga vigelegele. Nyumba ya pili ikapokea, ya tatu ikapokea, vikapita Kasense hadi kilimani, ambako Gaudensi alikuwa akitembea kwenda kwake, viatu mkononi.

Nadhira hakufunga amri hadi mama wa mwisho aliporuhusiwa na kuingia kwake na mwanawe. Ndipo nyumba zikarudi zilikotoka.

Ripoti ya Gaudensi ilikwenda na wastani uleule wa dakika hamsini. Gari lilibaki mjini.

Wiki iliyofuata Victoria alipiga simu. Jirani yake alikuwa karibu kujifungua. Amri ingeendeshwa lini?

"Alhamisi," Nadhira alijibu. "Mwambie afunge vyombo vizuri."