Mwenyekiti Hajafunga Kikao

Bibi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mtaa, kwa hiyo alipofariki yeye mwenyewe, kamati ilikwama. Wajumbe walijazana sebuleni kwake, wakanywa chai yote, wakagoma kuanza.

“Mwenyekiti hajafika,” alisema katibu.

“Mwenyekiti ndiye marehemu!” alifoka mjukuu wa Bibi, fundi cherehani.

“Sawa, mwanangu. Ametoa udhuru?”

Mjukuu akachoka nao. Akawaswaga wote, na viti vyao vya plastiki vichwani, mpaka mochwari. Huko kikao kilikwenda mbio, maana kwa mara ya kwanza Bibi hakumkatiza mtu. Kaburi, turubai, masufuria, yote yalipita bila ubishi.

Ajenda zikaisha. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Vikao vilikuwa vikifungwa na Bibi, kwa kupiga meza na kusema, “Haya, tokeni, mnanichelewesha.”

“Kifunge wewe,” katibu alimnong’oneza mjukuu. “Wewe ni damu yake.”

Mjukuu, aliyevilaani vikao hivyo tangu utotoni, aliutazama mkono wa Bibi uliotulia juu ya shuka. Akanyoosha wa kwake juu, kama mjumbe anayeomba nafasi.

“Bado kuna mengineyo,” alisema.