Sayari Iliyoingia Karakanani

Haya aliniambia dada mmoja, fundi mitambo wa darubini kubwa ya mlimani, mwezi jana alipokuja kunijulia hali nilipovunjika mguu. Alicheka mpaka chai ikampalia. Nayaandika kama alivyoyamimina, ila matusi nimeyapunguza.

Fundi huyo ana wifi yake, mke wa kaka yake, na wote wawili wanafanya kazi huko huko mlimani. Wifi amesoma nyota mpaka macho yakawa mekundu. Miaka michache nyuma alitangaza kwamba amepiga picha ya sayari inayozunguka jua la wenyewe huko mbali, na tangu hapo akaitwa Mama Sayari. Aliyelivumisha jina hilo kuliko wote ni mama mkwe wake. Hakuweza kununua hata chumvi bila kusema, "Mkwe wangu ana sayari. Wako ana nini?"

Basi siku moja mchana, darubini ikapumzishwa na mtambo wake wa kupigia picha ukashushwa karakanani uboreshwe. Ndani ya mtambo mna kisahani cha kioo, kidogo kuliko dengu. Kazi yake ni kuziba mwanga wa nyota, kama unavyokinga taa kwa kiganja, ili kitu kidogo kilicho pembeni yake kionekane. Kisahani kipya, bora zaidi, kilikuwa kimeshafika. Lakini Mama Sayari ana mazoea yake: hang'oi cha zamani kabla hajakijaribu mara ya mwisho mbele ya taa, apate cha kulinganishia. Wakafunga mlango, wakavaa kofia na barakoa kama wapasuaji, wakawasha taa iigize nyota.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Katikati peusi. Pembeni, juu kidogo, nukta.

Mama Sayari aliijua nukta ile kama mama anavyomjua mwanawe gizani.

"Wifi," fundi akasema taratibu, "sayari yako imeingia ndani. Nani kaacha mlango wazi?"

"Nyamaza."

"Niivutie kiti?"

"Nimesema nyamaza, mwanamke wewe!"

Akakizungusha kisahani kidogo. Nukta nayo ikazunguka, ikikifuata kama kifaranga na mama yake. Ubishi ukaishia hapo. Sayari gani inayokaa kwenye kioo? Ulikuwa mkwaruzo. Mwaka ule alipoitangaza, mawingu yalitanda, picha zikawa haba, naye pupa ikamshika asihakikishe.

Fundi akaacha mzaha. "Sikiliza. Tunatoa hiki, tunaweka kipya. Baadaye utasema sayari imefifia. Nani atajua?"

"Wewe."

"Mimi nakutunzia siri tangu ulipounguza sufuria ya mama."

Mama Sayari alitaka. Tusidanganyane, alitaka sana. Kila alipoalikwa, nukta ile ndiyo iliyoalikwa; yeye alikuwa mbeba mkoba wake. Akiikana, atabaki nani? Lakini kwenye darubini nyingine kulikuwa na watu waliokuwa wakiitafuta sayari hiyo usiku kucha bila kuiona, na walimwandikia kwa heshima wakiuliza wanakosea wapi. Akawaza macho yao. Akavua barakoa.

"Nitasema."

"Kwa bosi?"

"Bosi simwogopi. Namwogopa mama yako."

Akampigia simu hapo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sayari haijambo?"

"Mama, haipo. Ulikuwa mkwaruzo kwenye kioo."

Fundi akasogeza sikio.

"Yaani mimi nimewatambia watu mkwaruzo?"

"Nisamehe, mama."

"Nyota zimekwisha?"

"Hazijaisha."

"Sasa unalia nini? Tafuta nyingine! Na hicho kioo ukifute kwanza."

Bosi alipoitwa alitazama nukta, akaitazama tena, akaisugua kwa kidole kwenye skrini labda itoke. Jina lake lilikuwa chini ya tangazo lile pia. "Tungengoja mtambo uzinduliwe upya," akasema, "watu wakiwa na furaha ndipo—"

"Tuandike sasa, mzee, au niandike peke yangu."

Wakaandika, jasho likimchuruzika bosi, taarifa ikatumwa kila mahali. Kisha wanawake wale wawili wakarudi kazini, wakapachika kisahani kipya, wakawasha taa. Peusi tii. Hakuna nukta, hakuna mgeni. Fundi akapiga kigelegele ndani ya barakoa.

"Safi," alisema Mama Sayari, akazima taa.

Jioni mama mkwe aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni. "Majirani nimeshawaambia imehama."

"Mama!"

"Wapangaji wanahama, sayari ni nani?"

"Waambie ukweli, mama."

"Wewe umeiambia dunia. Mtaa niachie mimi."

Wakavutana mpaka chakula kikapoa. Mume, kwa busara ya waume, akaenda zake kulala. Mwishowe mama mkwe akakubali kuwaambia ukweli, mradi siku achague mwenyewe, akajiendea chumbani akinung'unika. Fundi akasinzia kwenye kochi na viatu vyake vya kazi.

Akabaki Mama Sayari na simu yake, iliyokuwa ikinguruma kwa pole na kejeli. Mmoja alikuwa ameshamwita Mama Mkwaruzo. Akacheka peke yake, kicheko chenye chozi, akaizika simu kwenye tenga la nguo chafu, akageukia ukuta. Simu ikanguruma mle ndani ya soksi. Hakuisikia. Alikuwa ameshalala.