Kikohozi Kilichopigiwa Makofi

Mke wangu akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, hujibu, "Ni ugonjwa." Wala hatanii. Tuna kikundi cha maigizo kinachozunguka shuleni na kwenye zahanati kuwahimiza wazazi wapeleke watoto kupata chanjo. Wenzangu huigiza madaktari, wazazi, na hata watoto wachanga wenye ndevu. Mimi ndiye maradhi. Nimekuwa surua, nikapakwa madoa kwa rangi ya mdomo ya mke wangu bila yeye kuulizwa. Nimekuwa matubwitubwi, soksi mbili zimefungwa chini ya masikio kwa kitambaa. Nimekuwa pepopunda, nikakakamaa hadi wakanibeba kama ubao na kunigonga kichwa mlangoni. Utapiamlo peke yake ndio nilionyimwa, kisa kitambi, na mpaka leo naona nilionewa.

Lakini kilichonipa jina ni kifaduro. Mtaani hakuna anayeniita vinginevyo. "Kifaduro, za asubuhi?" Nami hujibu kwa kikohozi: kho-kho-kho mfululizo bila kupumua, macho yananitoka, uso unaiva, halafu mwishoni ile pumzi ndefu inayovutwa kwa mlio kama wa jogoo aliyekabwa koo. Watoto hugaragara kwa kicheko. Wazazi hupiga makofi. Mimi huinama kwa adabu, nikijiona nimeokoa kizazi kizima.

Binti yetu yuko chekechea na tunamwita Kasuku, maana hakuna jambo linalompita asiliige. Humwiga bibi yake anavyotembea, jirani anavyobisha hodi, na mama yake anavyoshusha pumzi kila nikianza kueleza kitu. Kwa hiyo alipoanza kukohoa, wakati mdogo wake bado mchanga, hata umri wa chanjo ya kwanza ya kifaduro hajaufikia, mimi sikusikia kikohozi. Nilisikia kipaji.

"Mama Kasuku! Njoo umsikie mwanao!"

Mke wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, mtoto mchanga kamfunga kifuani. "Anaumwa?"

"Aumwe nini? Anaigiza! Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

Kasuku alikuwa amekaa sakafuni akifuta machozi kwa kiganja. Nikampigia makofi. Akanitazama, kisha akatabasamu kidogo. Mtoto akipigiwa makofi na baba yake, unadhani atafanya nini kingine?

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga wa kawaida tu. Lakini mimi ni msanii, na msanii hawezi kuacha kazi nzuri bila kuitia mkono. Siku zilizofuata nikamfundisha. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza kwamba kikohozi chake kiko vizuri, ila ile pumzi ya mwisho anaiharakisha.

"Usiivute mapema, mwanangu. Subiri uishiwe kabisa. Watazamaji wanapenda kusubirishwa."

Siku aliyokohoa hadi akatapika, nilimsifu sana, kwa kuwa hilo mimi mwenyewe sijawahi kulithubutu jukwaani. Kisha nikaenda kutafuta tambara la kupigia deki. Na ndimi huyu huyu ninayesimama mbele ya akina mama nikipaza sauti: kikohozi cha mfululizo, mlio wakati wa kuvuta pumzi, kutapika baada yake, wahini zahanati! Wanasema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa na kioo kikubwa cha mazoezi sebuleni, na bado sikuliona.

Mke wangu aliona. "Baba Kasuku, huyu mtoto hali vizuri."

"Wasanii wengi hawali vizuri."

Akashusha pumzi. Kasuku angekuwa mzima, angemwiga papo hapo. Badala yake alikwenda kumbusu mdogo wake, kama alivyozoea kufanya kila akimaliza "onyesho".

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka mazoezini nikamkuta Kasuku amelala kwenye kochi. Nikavua viatu nisimwamshe. Nilikuwa bado nimeinama pale aliposhikwa na kikohozi. Alikuwa usingizini. Macho yamefumbwa, hakuna anayemtazama, hakuna wa kumpigia makofi. Alikohoa, akakohoa, midomo ikabadilika rangi, na mwili mzima ukawa unatafuta hewa. Halafu akaivuta ile pumzi, mwishoni, baada ya kuishiwa kabisa, vilevile kama nilivyomwelekeza. Akaamka analia.

Niliogopa. Jukwaani huwa naogopa kwa kushika kichwa na kupiga mayowe. Siku hiyo nilisimama tu na kiatu mkononi.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mchanga begani. "Na hapo pia anaigiza?" akauliza. Alimfunika mchanga uso kwa shuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, mbali na mwanawe mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko tusi lolote.

Kule zahanati, bila shaka, Kasuku hakukohoa hata kidogo. Alikaa katulia, mzima wa afya, akihesabu vigae vya sakafu. Muuguzi alinifahamu vizuri. Kwenye uwanja wa zahanati ile nimeigiza kufa mara nyingi.

"Anakohoaje?" akauliza.

Mke wangu akanigeukia. "Haya, muoneshe. Si ndiyo kazi yako?"

Nikakohoa. Nikakohoa kama mwanangu alivyokohoa kwenye kochi, na nilipoivuta ile pumzi, mabenchi yote yakaangua kicheko. Mama mmoja akapiga makofi. "Kifaduro, hujambo!"

"Nesi, nakuomba," nikasema. "Safari hii si mchezo. Ndivyo anavyokohoa."

Muuguzi hakuwa amecheka tangu mwanzo. "Chanjo ya nyongeza alipata?"

Nikatazama vigae pamoja na mwanangu. Tuliiahirisha. Siku hiyo nilikuwa na onyesho la kuhimiza chanjo.

"Na huyu mchanga?" akauliza tena, na sasa hata kwenye mabenchi hakuna aliyecheka.

Tulipewa dawa sote, nyumba nzima. Mchanga alipelekwa hospitali akalazwa ili waangalie upumuaji wake. Daktari alitueleza kwamba kifaduro humtesa mtoto mkubwa, lakini kwa mchanga kinaweza kusimamisha pumzi kimyakimya, bila kikohozi, bila mlio wowote. Hicho sijawahi kukiigiza. Nilikaa kando ya kitanda nikiutazama ule ubavu mdogo ukipanda na kushuka, na kila ulipochelewa kupanda, nilimwita muuguzi wa zamu. Nadhani alinichoka kuliko wagonjwa wake wote.

"Majuto ni mjukuu," mke wangu alisema akiwa upande wa pili wa kitanda. "Lakini yako yana haraka. Hayakungoja mjukuu, yamekuja yakiwa mtoto."

Nilicheka, nikajikuta nalia, na yeye akanisogezea kitambaa cha mtoto nifute uso. Mchanga hakukohoa hata mara moja. Walipoturuhusu, nilimbeba hadi nyumbani kama trei ya mayai.

Kasuku hakupona haraka hivyo. Muuguzi alituonya kwamba kikohozi hiki kina ukaidi, hata dawa zikiisha chenyewe hubaki kikiaga polepole. Alasiri moja nilikuwa nakunja vazi langu la kifaduro, sijui nitalivaa tena au nitalifanya tambara, nikamsikia anaanza. Nikalitupa vazi. Nikapiga magoti, nikamshika mgongo, nikamsubiri huku namfuta mate, hadi pumzi ikarudi.

Akainua uso wenye machozi, akanitazama, akangoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Baba, leo hupigi makofi?"

Nikamnywesha maji.