Gauni Ambalo Halikuandikwa

Jumatano asubuhi fundi cherehani alifungua daftari lake, akaridhika kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Orodha ya siku ilikuwa na mambo ishirini na sita, na manne tayari yamekatwa mstari: kuamka, kusali, kufagia chumba, kuipaka mashine mafuta. Hayo aliyaandika baada ya kuyafanya, kwa raha tu ya kuyakata.

Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi. Gauni la harusi fundi, mama mtu, alisema atalishona mwenyewe, na kitambaa cheupe kilikuwa juu ya kabati, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliingia bila kubisha hodi, akavuta kiti.

"Zimebaki siku tatu, wifi. Gauni liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi, nilione?"

Fundi akaelekeza kidole juu ya kabati.

"Hicho ni kitambaa. Au siku hizi bibi harusi anajitanda jora?"

"Usinichokoze asubuhi yote hii. Mimi nina orodha. Kila kazi ina zamu yake."

Wifi akalichukua daftari, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mkutano. "Mapazia ya daktari wa meno. Zipu ya mwalimu mkuu. Kupunguza sketi ya jirani. Kutafuta mkasi mdogo. Kuamka." Akainua macho. "Umeandika kuamka?"

"Si nimeamka?"

"Mungu ndiye aliyekuamsha. Wewe umejiandikia sifa zake."

Wakacheka wote wawili. Wifi akafunua ukurasa wa nyuma, akafunua mwingine, kisha kicheko kikamkauka.

"Gauni la mtoto halimo."

"Halimo vipi?" Fundi alimpokonya daftari, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Jumanne halimo. Jumatatu halimo. Wiki iliyopita nzima, halimo. Hakuliandika kwa sababu hakuona haja. Mtu huandika asije akasahau, na hilo angelisahau vipi, naye analala nalo na kuamka nalo? Lakini kila asubuhi mikono yake ilifuata yaliyoandikwa, na lililokuwa moyoni likangoja kwa adabu zake.

"Nimevalisha maharusi wa mtaa mzima," alisema. "Wangu aolewe na nguo ya kuazima?"

"Kaa. Andika gauni."

Akaandika: Gauni. Neno moja tu, lakini lilimkalia mbele kama mlima. Akalitazama kitambo, kisha akalikata.

"Hakuna mtu anayeshona gauni," alisema polepole. "Mtu anapima. Halafu anakata. Halafu anaunga."

Akachana ukurasa safi. Kumpima, leo saa nne. Kukata, kabla ya kula mchana. Kiwiliwili na bitana, leo jioni. Kesho mikono, sketi, zipu. Ijumaa kujaribisha, vifungo, upindo. Akaubana ukurasa kwa pini ukutani, usawa wa macho yake, na daftari akalitia kabatini.

"Na daktari wa meno?"

"Meno hayang'olewi kwa pazia. Mpigie simu, mwambie wiki ijayo."

Wifi alipiga simu zote. Hakuna aliyenuna. Mwalimu mkuu alikiri kwamba suruali yenyewe haimtoshi tena, ilikuwa matumaini tu.

"Na vifungo ishirini na viwili ni vyako," fundi akamwambia.

"Mimi? Nimekuja kusalimia."

"Salamu yako nimeipokea. Chukua sindano."

Saa nne binti alifika, akanyoosha mikono apimwe. "Rafiki yangu alikuwa amekubali kuniazima lake," alisema chini chini. "Nilitaka kukuuliza, mama, nikaona una kazi za watu."

Mama alimzungushia utepe kiunoni, akaushika pale kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

Alhamisi mteja alisimama mlangoni na mfuko wa nguo, akasema ni kashughuli kadogo tu. Mkono wa fundi ukaanza kwenda wenyewe kuupokea. Akautazama ukurasa ukutani, akaurudisha mkono kwenye mashine. "Jumatatu, dada yangu. Jumatatu ni yako." Mteja akaenda zake bila kinyongo, na mkono wa kushoto wa gauni ukaungwa.

Ijumaa saa kumi jioni binti alilivaa. Alisimama mbele ya kioo. Kisha akainua mikono kuona kama kwapa linavuta. Halikuvuta. Akachuchumaa, akainuka, akaizunguka meza ya kukatia kwa mwendo wa bibi harusi, na mzunguko wa pili ukawa ngoma kamili. Wifi akapiga kigelegele huku kidole chake kilichochomwa na sindano kikiwa hewani.

Fundi alikuwa chini kwa magoti, pini tano mdomoni, anamshukuru Mungu kwa pua.

"Simama, mwanangu," alisema kwa meno yaliyobana. "Upindo utakwenda upande."

Binti hakusimama. Basi mama akamfuata kwa magoti kuizunguka meza, pini baada ya pini, hadi upindo ukaisha huku wanacheza.