Honi za Marehemu Prawiro

Wali ule Karsinah aliupika mwenyewe. Wali wa manjano, umesimamishwa kama mlima, umechongoka juu, na alijua ncha yake itaishia sahani ya nani. Makumbusho ya reli ya Kedungsari yalikuwa yanafunguliwa siku hiyo, na garimoshi la marehemu mumewe, Prawiro, lilikuwa limepakwa rangi likang'aa, likisubiri kuwashwa tena. Ncha ya wali hupewa mwenye heshima kuliko wote. Nani tena, kama si mjane wa dereva?

Mara akamwona Lasmi.

Jamani! Mwanamke kashuka kutoka Gumuk, stesheni ya juu mlimani, kavaa kebaya ya kijani, kajikalia safu ya mbele. Na alikuwa amealikwa! Ile kofia ya Prawiro kwenye kabati la kioo, yeye ndiye aliyeitoa. Karsinah alijua tangu zamani kwamba mumewe ana bi mdogo huko juu, lakini kujua ni jambo moja, kukaa naye benchi moja ni jingine. Roho ikamchoma. Kofia! Yeye aliachiwa nini? Suruali mbili zenye mafuta, tena moja ameshaifanya tambara.

Mkuu wa makumbusho alikata ncha, akampa Karsinah. Akaila polepole, uso kaugeuzia kwa Lasmi, ili aone vizuri.

"Wali umeiva, mbakyu," Lasmi akasema, kama anayemwita dada yake mkubwa.

"Nimezoea kumpikia mume."

"Ajabu basi, kwangu alikuwa anafika na njaa."

Watu waliokaa karibu wakainamia sahani zao. Bahati nzuri Ngatijo akaja, mzee aliyekuwa akichochea moto wa kuni kwenye garimoshi la Prawiro, uso umejaa masizi na furaha.

"Mvuke tayari, bi mkubwa! Nipige honi gani? Kila dereva alikuwa na yake."

"Mbili fupi, moja ndefu," Karsinah akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Akifika darajani anapiga, mimi nabandika wali. Mtaa mzima unajua Prawiro anarudi kwa mkewe." Akamgeukia Lasmi. "Wewe je, alikuwa anakupigia?"

"Akija? Hata mara moja. Nashtukia tu yuko mlangoni, mimi nywele sijachana."

"Pole, mdogo wangu." Hakuwa na pole hata chembe.

"Alikuwa anapiga akiondoka," Lasmi akasema. "Moja tu, ndefu. Anaishikilia tangu stesheni mpaka kona ya mwisho."

Karsinah akamtazama Ngatijo. Mzee akakohoa.

"Ni kweli, bi mkubwa. Nilikuwa namgombeza. Namwambia, bwana we, mvuke wote unaumalizia kwenye honi! Hasikii."

Karsinah akakumbuka. Asubuhi zote zile mumewe akiondoka, alisimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akisikiliza magurudumu yakiuma reli ya meno kupanda mlima, kisha kimya. Alidhani ndivyo wanaume wa reli walivyo, hawaagi. Kumbe anajua kuaga! Yeye aliitiwa jikoni maisha yake yote, hakuagwa hata siku moja. Kofia ikamtoka moyoni, na wivu uliokuja mahali pake ulikuwa mkali zaidi.

"Basi nipige mbili fupi, moja ndefu?" Ngatijo akauliza.

"Hapana. Piga ya Gumuk."

Lasmi akainuka, machozi yameshamlengalenga. "Mbakyu, Mungu akubariki..."

Karsinah akamshika bega, akamkalisha.

"Kaa hapohapo. Wewe umeagwa vya kutosha."

Akaenda kusimama peke yake kando ya reli, akauweka sawa mtandio wake, uso ameuinua.

"Haya, Ngatijo, ondoka," akasema. "Na usiiachie mpaka nikwambie."