Mlango wa Mkaguzi wa Vioo

Ezekiel bwana, ukimkuta kazini kwake Kihonda utadhani kioo cha kwanza duniani kilitengenezwa mbele yake. Kazi yake ni kuvioka vioo vigumu kwenye tanuri la majaribio. Kioo chenye punje ya uchafu ndani, isiyoonekana kwa macho, kipasukie humo humo, kisije siku moja kikapasuka chenyewe nyumbani kwa mtu. Wateja huwahutubia habari hizo mpaka wanapiga miayo. Halafu mlango wa kioo wa sebule yake mwenyewe akaupachika bila kuuoka! Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Mgeta, yeye ana haraka, na mtaalamu kama yeye kioo kitamfanya nini?

Mama mkwe akafika na kapu lake la njegere, akausifia mlango. "Mkwe wangu, unang'aa huu!" Kichwa kikamvimba Ezekiel. Baada ya chakula cha mchana, paa! Hakuna aliyeugusa. Mlango mzima ukamwagika sakafuni kama chenga za mchele.

Jirani yao Shadia akaja mbio, akatazama chenga, akamtazama mgeni. "Nani aliusifia?"

Janeth, mkewe Ezekiel, akainamisha uso. Mama yake wala hakujitetea, akaanza kufunga khanga zake. "Narudi kwangu mlimani. Sitaki kuitwa mwenye kijicho nyumbani kwa binti yangu."

Na mtaalamu wetu je? Akajifanya anaokota chenga! Kijicho kilimfaa sana, maana heshima yake ya kazini ingebaki nzima. Lakini kumwona mama wa watu anahangaika na fundo la khanga kulimshinda. Aibu ilimuunguza mpaka masikio.

"Mama, nisamehe. Si macho yako, ni mimi. Sikuuoka. Mkaguzi mzima, cha kwangu nimekipitisha bila mtihani."

Janeth akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Shadia akakumbuka ana maharage jikoni.

Mama mkwe hakucheka. Akauliza polepole, "Mwanangu, na kile kioo cha meza ulikitoa wapi?"

Chini ya meza mjukuu wake amelala chali, anakigonga kioo kwa kijiko.

Ezekiel alikuwa ameshapiga magoti kwenye chenga, anamvuta mtoto mguu.