Mizizi Ndani ya Viriba

Vumbi hushuka kutoka kilimani kabla jua halijapanda. Jekundu, jepesi, lisilo na haraka. Linaingia madirishani, linakaa kwenye kingo za vikombe, linalala mapajani mwa waliokaa. Kilima kilichovishwa miti sasa kinavuliwa nguo.

Miti elfu nne na mia mbili, kaya arobaini na moja: mtunza kitalu wa ushirika alishiriki kuotesha kila mche.

Ilifika mabegani, ikagoma. Majani ya mingi yakawa manjano, yakawa kahawia, kisha hayakuwapo. Watu wakatafuta mkosaji, na mkosaji hakuwa mbali: shemeji wa mtunza kitalu, mchota maji, mwenye punda mmoja na maneno mengi. Hamwagilii, walisema. Analala kivulini, walisema. Kivuli kipi, hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya mkutano wa kumfukuza, mtunza kitalu alipanda kilimani peke yake, akashika shina moja, akavuta. Likatoka bila ubishi, kama jino la mtoto. Chini yake, plastiki nyeusi ya kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea mche, bado nzima. Ndani ya kiriba mizizi ilikuwa imejizungusha, ikajizungusha, ikajinyonga. Akang'oa la pili. Akang'oa la kumi.

Nje ya viriba, udongo ulikuwa na unyevu. Shemeji alimwagilia.

Akakumbuka msimu ule wa kupanda, mvua zilipochelewa, na udongo wa miche ukawa unapukutika mikononi mwa wapandaji. Yeye ndiye aliyesema: msivue viriba, toboeni chini tu, pandeni hivyo hivyo. Wakatii wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

Mkutanoni, ghalani, mbele ya wanachama, aliuweka mti mezani na kiriba chake.

"Shemeji hana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia msivue."

"Msomi wetu," alisema mwenyekiti, taratibu, kama anayelipima neno.

Wifi yake, aliyelitoa shamba lake lote la mahindi liwe msitu, aliugusa mzizi. "Na ile yenye majani bado? Tukiichana plastiki leo?"

"Mzizi uliokwisha kujifunga haufunguki, wifi. Ile nayo imekufa. Haijapata habari tu."

Mchota maji akacheka, kicheko kikavu. "Kumbe miaka mitatu nanywesha maiti! Shemeji, nani atamwomba radhi punda wangu?"

Hakuna aliyecheka naye.

Hakuna aliyemtukana mtunza kitalu, na yeye angeshukuru tusi. Walichukua majembe, wakapanda kilimani, kwa kuwa plastiki lazima itoke hata kama mti haurudi. Wakang'oa. Shina kwa shina, kaya kwa kaya, wifi yake mbele.

Udongo ulikauka juani, na kila shimo likatoa vumbi lake. Kufikia adhuhuri upepo ulikuwa umetulia kabisa, na vumbi lilizidi kupanda, kwa mikono yao wenyewe. Naye mtunza kitalu akasimama katikati yake, akilivuta puani, asijue aelekeze wapi uso.